Kofia Nyekundu Siku ya Sabato

Binamu yangu anauza simu Mosocho, na kwa kuwa anaziuza anaamini anajua yanayotokea ndani yake. Ndiye aliyeniharibia mchezo.

Nilikuwa nimemtengenezea mama mchezo huo, hapa Kebirigo, magoti yalipomkatalia kwenda kuchuma majani ya chai. Kwenye simu alipata shamba lake: unachuma, kikapu kinajaa, unapeleka kituoni kabla lori halijaondoka. Akitaka kusonga ugali, anausimamisha mchezo na chai inamngoja. Ijumaa jua likitua, anaizima simu mpaka Sabato iishe.

"Mchezo ya mtu mmoja ni uchoyo," binamu akasema. "Weka watu wengi hapo. Ni kuongeza tu."

Ni kuongeza tu! Kwake ilikuwa kama kuongeza maji kwenye sufuria ya chai mgeni akipiga hodi. Nilimweleza kwamba mchezo wa mtu mmoja una saa moja na ukweli mmoja. Simu mbili zikiingia, kila moja inaapa ndiyo iliyochuma jani lile lile, na lazima iwepo mashine ya tatu ya kuamua nani mwongo. Mtandao ukikatika, mchumaji anabaki amesimama shambani kama sanamu. Na hakuna tena kusimamisha mchezo, maana ukimsimamishia mmoja umewasimamishia wote. Alitikisa kichwa huku akimhudumia mteja. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mama, asiyependa ndugu wagombane, aliniomba nimridhishe. Nikafanya. Mama, binamu na majirani wachache wakaingia shamba moja, kila mtu na kipande chake, kila mtu na kofia ya rangi yake. Binamu alichagua nyekundu, aonekane.

Jumamosi ya kwanza, jua lilipotua, mama akawasha simu. Kipande chake kilikuwa kimechumwa kikabaki kipara. Shamba la wengi halishiki Sabato. Katikati ya michai mitupu alisimama mtu wa kofia nyekundu, kikapu kimejaa, haendi mbele wala nyuma. Mtandao ulikuwa umemkatikia akiiba. Na huyu ni shemasi! Asubuhi ile alikaa kiti cha mbele kanisani, simu mapajani, nami nikadhani anafuata Maandiko.

Mama akampigia. "Umechuma chai yangu siku ya Sabato?"

"Mama mdogo, hiyo ni mchezo tu."

"Na mahubiri nayo ilikuwa mchezo?"

Binamu akakata simu. Nimewadharau watu wengi maishani, lakini yule hata nikimpa dharau yangu yote naona nampunja.

Nilimrudishia mama mchezo wa zamani, na anaucheza. Ila siku hizi simu ikiomba kusasisha chochote, hata kalenda, habonyezi. Ananiita kwanza, ananyoosha kidole kwenye kioo, anauliza, "Humo ndani kuna watu?"