Sahani ya Mama Mkwe

Pale Busia watu walinijua kwa mdomo kabla ya kunijua kwa jina. Baba alikuwa na duka la vitenge, chumvi na sabuni karibu na mpaka, na wateja waliovuka kutoka Uganda, ambako miaka ile hata kipande cha sabuni kilitafutwa kwa tochi, walikuwa wakimwuliza, "Boss, huyu msichana mkali ni wako?" Baba alicheka kwa ajili ya biashara, kisha jioni akaniita kunikanya. Haikusaidia. Kila kosa langu lilikuwa na mwenyewe mwingine. Chai ilikuwa chungu kwa sababu majani yalikuwa mabaya. Mlango ulibaki wazi kwa sababu jirani alipita. Shangazi yangu alipenda kusema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu wetu ameshakauka.

Nilijiunga na kikundi cha maigizo cha vijana nikiwa darasa la sita, si kwa kupenda sanaa. Ukumbi ulikuwa nyuma ya nyumba yetu na ndani yake mlikuwa na ngoma. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Bukhayo, mkulima, Mwanglikana asiyekosa ibada, aliyekuja kila Jumamosi kwa baiskeli akiwa amefunga sufuria ya mihogo ya kuchemsha nyuma ya kiti. Tulikuwa mchanganyiko: watoto wa Waislamu wa mjini kama mimi, Wakhayo wa mashambani, na Wateso, akiwemo mvulana mmoja wa Kocholia aliyekaa kwa mjomba wake mjini ili asome.

Mwalimu alikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona kwingine. Baada ya mazoezi tuliketi chini kwa duara, na kabla mihogo haijagawanywa kila mtu alisema alichoharibu siku hiyo. Alikisema mwenyewe, kwa ufupi, na hakuruhusiwa kuongeza "kwa sababu". Ukiongeza, unaanza tena. Mwenye sufuria ni mwalimu.

Mara yangu ya kwanza nilisema nimesahau maneno kwa sababu yule mvulana wa Kocholia aliniangalia kama mbuzi.

"Anza tena," mwalimu akasema.

Sikuanza. Nilitoka nikaketi barazani, nimenuna, nikinusa mihogo ya watu. Jumamosi iliyofuata nikafanya hivyo hivyo, na nyingine tena. Hakuna aliyekuja kunibembeleza, na hilo liliniudhi kuliko njaa. Mwishowe njaa ikashinda. "Nilisahau maneno," nikasema, nikangoja kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Mvulana wa Kocholia akadakia, "Na mimi niliingia mapema," na mihogo ikaanza kuzunguka. Nilikula nikiwa nimeshangaa kwamba mambo yameishia hapo.

Nisikudanganye kwamba nilibadilika. Miaka ilipita. Nilijifunza kupaza sauti bila kupiga kelele, na kusikia kikohozi cha watazamaji nikajua wamechoka. Nilikosea kila Jumamosi na kila Jumamosi nikala mihogo. Lakini nyumbani nilibaki yule yule, maana nyumbani hakukuwa na duara.

Basi nilipofika umri ambao shangazi alianza kuleta habari za wachumba, baba alisema imetosha. Msichana mkubwa hapandi jukwaani mbele za wanaume, na kama ni adabu tunayofundishwa huko, mbona hakuona hata punje yake? Mama alinitetea usiku na mchana, hadi baba akalegeza kidogo. Jumamosi ile alikuwa anapeleka chumvi Malaba kwa lori lake. Kikundi kingepanda, na chumvi ikishashushwa tungeigiza juu ya lori lenyewe, naye atazame. Akiona maana, nitaendelea. Asipoiona, ndiyo siku yangu ya mwisho. Niliogopa sana. Hapakuwa na mahali nilipopapenda kama ukumbi ule, na katika maneno yangu yote mengi sikuwa na la kumweleza baba hivyo.

Mchezo wetu ulihusu ndoa. Mimi nilikuwa mama mkwe, na mvulana wa Kocholia alikuwa mkwe wangu aliyekuja kutusalimia. Katika mazoezi nilisimama nyuma ya pazia nikisema maneno yangu, na msichana aliyeigiza kama binti yangu mdogo ndiye aliyempelekea mkwe chakula. Siku zote nilidhani mwalimu ameweka pazia lile kwa kupendezesha tu. Asubuhi ya safari msichana yule akashikwa na malaria. "Atakayekuwa karibu apeleke sahani," mwalimu akasema, nasi tukapanda lori.

Kule Malaba, mbele ya umati wa Wateso, aliyekuwa karibu nilikuwa mimi. Kwetu, mama mkwe kumwandalia mkwe kwa mkono wake mwenyewe ni heshima isiyo na mfano. Nikatoka nyuma ya pazia na sahani ya ugali na kuku, nimejaa tabasamu, nikamwendea.

Mvulana aliniona, akajifunika uso kwa koti, akaruka kutoka kwenye lori. Hakuwa anaigiza. Alikimbia jinsi alivyolelewa kwao Wateso kumkimbia mama mkwe, akaenda kusimama nyuma ya gurudumu kando ya baba yangu, amegeukia ubavu wa lori. Wanawake walipiga mayowe. Mzee mmoja akabeba kigoda chake kuondoka. Bibi wa Kiteso aliyeketi mbele kabisa alinyoosha kidole.

"Wewe mama! Unapelekea mkwe chakula na mkono yako? Unataka kuletea hii boma mkosi?"

Majibu yalinijaa mdomoni. Binti anaumwa. Mwalimu ndiye aliyesema. Sisi wa mjini hatuna mambo hayo. Nilimwona baba amekunja mikono, na niliijua sura ile. Alikuwa anangoja nianze.

Niliweka sahani chini, nikaketi ukingoni mwa lori ili nisimsemeshe bibi kutoka juu.

"Nimekosea, mama," nikasema.

Alingoja. Watu wote walingoja niendelee, nami sikuendelea.

"Nifundishe," nikamwambia. "Mimi ni mama mkwe na kazi yangu siijui."

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikaenda hadi kwa yule mzee, ambaye alirudisha kigoda chake chini. Bibi alidai ashikwe mkono, akapanda lorini, akanisukuma nyuma ya pazia. "Hapa ndio kwako. Mkwe anasikia sauti, lakini haoni wewe, na wewe huoni yeye." Akamwita binti yake kutoka kwenye umati achukue sahani. Kisha akapaza sauti, "Mkwe, rudi! Chakula inapoa!"

Mvulana akarudi, akala, tukaendelea hadi mwisho kupitia pazia, bibi akiwa kando yangu akinitilia maneno. Yalikuwa matamu kuliko yaliyoandikwa. Tulipomaliza alikataa kushuka hadi apigiwe makofi yake peke yake.

Watu huniuliza kikundi kile kilitupa nini, maana hakuna hata mmoja wetu aliyekuja kuwa mwigizaji. Mvulana wa Kocholia siku hizi anaamua kesi za mipaka ya mashamba kijijini kwao, na nasikia watu wameanza kusema kwamba kwake haifai kwenda na "kwa sababu". Mimi nimelea watoto, nimeendesha duka, na nimeomba radhi nyingi ambazo bila Jumamosi zile zingenikaba kooni. Lakini siku ile ya Malaba sikuyajua hayo. Nilichotaka ni neno la baba tu.

Tuliketi kwa duara penye kivuli cha lori, sufuria katikati. Mwalimu alianza. "Nilisema atakayekuwa karibu."

"Nilipeleka sahani," nikasema.

"Niliruka," akasema mvulana wa Kocholia.

Zamu ikazunguka hadi mwisho. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, ufunguo mkononi, na nilidhani anataka tuondoke. Akakohoa.

"Na mimi," akasema. "Mimi nilitaka kumtoa huyu mtoto. Kwa sab..."

Alituangalia sote tulivyokuwa tunamwangalia, akafunga mdomo. Mwalimu akasogea kumpa nafasi, akafunua sufuria na kumpa kipande cha mhogo, naye akaketi chini pamoja nasi na suruali yake nzuri, akala.