Kibali cha Kumzika Mazengo

Mjomba wangu Mazengo alizikwa mwaka juzi, mwezi wa tisa, nyuma ya nyumba yake, na mwenyewe alihudhuria. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi mapajani, akawaelekeza wachimbaji wasilifanye kaburi fupi, maana fisi wa huku hawana adabu.

Kilichozikwa kilikuwa mguu wake wa kulia. Kidonda cha sukari kiliupanda hadi gotini, hospitali wakaukata, wakatukabidhi umefungwa kwenye shuka. Kwetu, vijiji hivi vya kuzunguka Kintinku, kiungo cha mtu hakitupwi. Lakini wazee wakakataa kushika jembe bila kibali cha mazishi. Polisi wakisikia kuna kitu kimefukiwa kimyakimya, walisema, tutahojiwa kijiji kizima. Mtendaji wetu wa kijiji, Anselm, kijana mpole asiyejua kumnyima mtu kitu, akafungua kitabu cha vibali. Kitabu kina nafasi ya jina la marehemu, hakina nafasi ya mguu. Akaandika: Mazengo Chediel, miaka sitini na nane. Tukamshukuru, tukazika.

Usinicheke. Hata wewe ungeshukuru.

Mjomba akaandikishwa kwenye posho ya wenye ulemavu. Akaipokea mara mbili, ya tatu haikuja. Tulipouliza, tukaambiwa mnufaika amefariki, kibali cha maziko kimeonekana. Posho hiyo ndiyo iliyokuwa inanunua dawa ya sukari na kulipa nauli ya kliniki. Bila dawa, daktari alishatuonya, mguu wa kushoto utafuata. Mimi ni fundi cherehani. Kwa nilichopata kwenye vitenge vya watu, dawa ilitosha wiki mbili za mwezi. Nikaandika rufaa, tukaanza kusubiri kikao.

Tulisubiri miezi kumi na minne. Mara tatu tulipangiwa tarehe, mara tatu ikaahirishwa, na kila barua ilikuja imeandikwa "Kwa ndugu wa marehemu". Mbili nilizichana kwa hasira. Ya tatu mjomba alininyang'anya, akaisoma taratibu, akaikunja, akaiweka chini ya mto wake. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya mizimu, na ninayoyasema sasa nayasema kwa shingo upande. Asubuhi moja nilikuwa nampa uji, akakunja uso.

"Jenipher, hebu mfukuze huyo ng'ombe. Amenikanyaga mguu."

"Ng'ombe gani, mjomba?"

"Huyo aliyesimama juu yangu."

Kaburi liko nyuma ya uzio wa minyaa. Alipokaa haoni hata mlango wa choo. Nikaenda ili nirudi nimwambie hakuna kitu. Ng'ombe wa jirani yetu Urbano alikuwa amesimama juu ya kaburi, kwato zote nne, ananitazama. Nilimpiga jiwe akaondoka. Mimi nilibaki pale mpaka uji ukapoa.

Tangu hapo, mguu uliozikwa ukawa ndio unaoulizwa hali kila siku. Mvua ikinyesha, alisema unalala kwenye maji. Siku nyingine alinyanyua kichwa akasema, "Mchwa wamefika," akaendelea kula.

Watu nao wakabadilika. Mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwaombea marehemu, katekista alisoma majina aliyoyatoa kwenye kitabu cha kijiji, kama afanyavyo kila mwaka. Alipofika kwa Mazengo Chediel, mjomba akaitika "Nipo!" kutoka benchi la nyuma. Hakuna aliyecheka. Wakasogea mmoja mmoja hadi akabaki na benchi zima peke yake, na Urbano aliyegawana naye ugoro miaka thelathini alisogea wa kwanza. Watoto wakaacha kumpa shikamoo. Nilimkamata mmoja nikamuuliza adabu ameiacha wapi. Akasema mama yake amemkataza: marehemu hasalimiwi, ataitikia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mjomba aliacha kubisha. Akawa anasema, "Nilipokuwa hai nililima ekari nne za uwele," bila utani wowote. Akaanza pia kuvaa soksi hata kwenye jua kali. Nilidhani ni baridi ya uzee.

Mwezi wa sita mwaka huu tukaitwa kwenye kikao cha rufaa, Manyoni. Tulikaa kwenye korido tangu saa mbili asubuhi. Karani akatoka na faili, akaita, "Familia ya marehemu Mazengo!" Akanipa mkono mimi, "Poleni na msiba," akampa na Anselm, ambaye alikuja kwa nauli yake kutoa ushahidi. Mjomba alinyoosha mkono wake. Karani akageuka akafungua mlango.

Ndani walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, alikiangalia kitambulisho cha mjomba mbele na nyuma.

"Sura ni yake," akasema. "Ila kibali kipo na kaburi lipo. Kama huyu yuko hai, aliyezikwa ni nani?"

Anselm alisimama, jasho linamtoka. "Ni mguu, mheshimiwa. Niliandika mimi."

"Mguu hauandikiwi kibali."

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo maana nikaandika mtu."

Mwenyekiti akamgeukia mjomba kwa mara ya kwanza. "Shikamoo baba. Hebu sema wewe. Mle kaburini yuko nani?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi," mjomba akajibu. "Ila sijaenda wote."

Mmoja wao akaacha kuandika. Mwenyekiti akasema itabidi kaburi lifukuliwe kwa amri ya mahakama, shauri lirudi mwezi wa tisa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nigombe, mjomba akainama akavua soksi. Harufu ilitufikia kabla hatujaona. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa unapanda.

"Basi niandikieni kabisa na kibali cha huu," akasema kwa sauti ya kawaida. "Hadi mwezi wa tisa utakuwa umeshamfuata mwenzake."

Hawakutoka hata kushauriana. Saa nane mchana tulikuwa na karatasi yenye mhuri: Mazengo Chediel yuko hai, kuanzia tarehe ya leo. Nikauliza kwa ukali kuhusu miezi ya nyuma, karani akasema ya nyuma haihusiki. Nilitaka kumrukia. Mjomba akanivuta kwa mkono, kiganja chake cha baridi.

Tulienda hospitali moja kwa moja. Daktari aliufunua mguu.

"Mzee, muda wote huu mlikuwa wapi?"

Nilitaka kumweleza yote, kitabu, barua, tarehe, lakini kilichotoka ni kilio. Mjomba akajibu badala yangu, kwa heshima, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa.

"Nilikuwa nimekufa, daktari. Wamenirudisha leo saa nane."

Daktari hakucheka. Aliugusa mguu kifundoni, akapandisha mkono hadi chini ya goti, akamwambia nesi aandae chumba cha upasuaji.