Ufito wa Mdogo Wake

Walimwita Kobe, na hakuchukia. Alikuwa seremala wa milango na madirisha, lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutengeneza fito za kuvulia samaki, na ufito mmoja ungeweza kumchukua miezi miwili. Ungemwuliza utakuwa tayari lini, naye angekuuliza kama samaki wamekwambia wanahama.

Siku mdogo wake alipokuja karakanani, alikaa juu ya mbao bila utani wowote. Alikuwa dereva wa lori, ila misuli yake ilikuwa inakufa, kuanzia mikononi, na daktari alishamkataza kushika usukani.

"Kaka, nitengenezee ufito," alisema. "Wangu mwenyewe, wa mkono huu ulivyo sasa. Nataka nivue kabla haujanisaliti."

Kobe alimpima kiganja kwa uzi, kidole kwa kidole. Alichagua mwanzi uliokauka mwaka mzima, akaunyoosha juu ya makaa, pingili baada ya pingili, akiugeuzageuza usiungue. Mpini aliuchonga kwa mti mwepesi. Vipete vya kupitishia mshipi alivifunga kwa uzi wa hariri, mizunguko imebanana hata ukucha haupiti. Kisha akaanza kupaka vanishi.

Hapo ndipo alipokwama. Alipaka mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ilitosha. Akapiga msasa, akapaka wa nne. Mke wa mdogo wake akaja, akasimama mlangoni.

"Shemeji, jana ameshindwa kufunga vifungo vya shati. Maliza."

"Vanishi haijakauka."

Mwanamke akaugusa ufito. Kidole kilitoka kikavu. Alimtazama Kobe usoni, akaenda zake.

Ukweli ni kwamba Kobe aliogopa. Maadamu ufito ulikuwa unaning'inia karakanani, mdogo wake alikuwa na kitu cha kungojea. Ukishatoka, angengojea nini?

Alipoupeleka, wiki tatu zaidi zilikuwa zimepita. Mdogo wake aliupokea, vidole vikakataa kukunjika. Mpini uliochongwa kwa kipimo chake ukamteleza, ukagonga sakafu.

"Kobe," alisema, yeye ambaye hakuwahi kumwita hivyo. "Ulikuwa unatengeneza ufito au jeneza?"

Kobe alivua mkanda wa suruali yake, akaukata, akamfungia ufito mkononi, chini ya kiwiko. Kesho yake asubuhi wakaenda bwawani. Kwenye saa nne hivi mshipi ukavutwa, ncha ikapinda hadi majini. Mdogo wake akarudi nyuma, akiinua mkono mzima kama mtu anayebeba gunia. Kobe akanyoosha mkono.

"Usiguse!"

Samaki akakata mshipi. Mdogo wake akaketi kwenye tope. "Alikuwa mkubwa," alisema, mabega yakimtikisika, na Kobe hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio.

Hawakurudi tena. Miezi mitano iliyobaki, Kobe alifunga karakana kila mchana akaenda kumlisha kwa kijiko. Walizungumzia mpira, walimzungumzia marehemu mama yao. Mara mbili Kobe alianza, "Mdogo wangu, zile wiki tatu..." na mara zote mbili mgonjwa alifumba mdomo kama aliyeshiba.

Baada ya mazishi, wateja wa fito waliendelea kuja. Aliwaambia ameacha. Shemeji yake, wakikutana njiani, humwamkia kwa heshima zote, na kabla Kobe hajamaliza kuitikia, ameshapita.