Shingo Nyembamba ya Gitaa la Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya useremala ya kanisa letu kule Kihanga, Fundi Mkuu alinipa ubao na kuniambia nifumbe macho.

"Nimekuja kufanya kazi, Baba, si kulala," nikamjibu. Nilikuwa tayari mama wa watoto wawili, na mdomo sikuuazima kwa mtu.

"Fumba, mwanangu. Papasa. Ukikuta donge, sema."

Nikapapasa, nikakuta moja. "Yako matatu," akasema. "Rudia." Nilirudia mpaka jioni. Kesho yake akanikabidhi msasa, na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyepiga gitaa la solo kwenye kwaya, magitaa mabovu ya sharika zote za jirani yakawa kazi yetu. Mafundi wenzangu walicheka: mwanamke na magitaa wapi na wapi! Baadaye wakawa wananiletea ya kwao, kimya kimya.

Kutoka hapo nilihamishiwa Kimuli, chini ya Msimamizi wa Karakana, mtu wa haraka kuliko shetani. "Paka vanishi, itaficha," ndiyo ilikuwa sala yake. Haifichi kitu, wajukuu zangu. Ninyi mnaoagiza gitaa kwa simu hamjui: kwenye gitaa la umeme kinachoumwa kwanza ni shingo. Nyuzi zinaivuta mchana na usiku. Ubao ukiwa mbichi unapinda, na hapo hata mpigaji hodari anaonekana mjinga. Mwishowe nilimchoka bwana yule, nikafungua banda langu Isingiro.

Huko ndiko Fundi Mkuu alikokuwa amestaafia, kwenye kibanja cha baba yake, kati ya migomba na kahawa. Siku moja alikuja bandani na gitaa lake begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia.

"Mke wangu anakonda," akasema.

Ma Adela, mkewe, alikuwa ameanza kusahau, na mumewe alikuwa miongoni mwa aliowasahau. Kila asubuhi alimwita mgeni, akaagiza apewe kahawa ya kutafuna, kama tunavyowapa wageni huku kwetu. Chakula kutoka kwa mwanamume asiyemjua alikikataa. Ila akipigiwa gitaa, nyimbo zile za kwaya, alitulia na kulishwa. Sasa vidole vya Fundi Mkuu vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, na shingo ya gitaa lake, nene kama mpini wa jembe, haikushikika tena.

"Nitengenezee nyembamba, mwanangu. Nyembamba uwezavyo."

Nyembamba ni rahisi kusema. Ukipunguza unene umepunguza nguvu, kwa hiyo ubao lazima uwe mkavu hasa. Kwa wauza mbao nilikuta paina na mkaratusi vilivyopasuliwa juzi, bado vinatoa maji. Nikaagiza shingo ya dukani kutoka mjini. Ikaja nene kuliko ile ya zamani. Nilikwenda nyumbani kwake kumwambia nimeshindwa, na moyo ulikuwa unaniuma kweli.

Hapo, chini ya upenu wa jiko, nikauona mtumbwi wa marehemu baba yake, ule wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu ya huku. Mvule mtupu! Tangu Ma Adela aokoke na kumkataza mumewe pombe, ulikuwa umefunikwa pale, umekauka mpaka ukiugonga unalia.

"Gitaa la kwaya litoke kwenye mtumbwi wa pombe?" Fundi Mkuu akashika kichwa. "Mchungaji atasemaje?"

"Mchungaji ndiye anayemlisha Ma Adela?"

Fundi Mkuu akaenda kuniletea msumeno.

Nilikata ukingoni, mahali nyuzinyuzi za mti zilipokwenda moja kwa moja bila fundo. Nikachimba mfereji katikati, nikalaza humo chuma chembamba cha kushindana na mvuto wa nyuzi. Freti, zile nyaya fupi zinazogawa sauti, nilizipanga kwa vipimo vya shingo ya zamani, maana ukikosea kidogo tu kila noti inapotoka. Ndipo nikaanza kuipunguza mgongoni, randa kwanza, msasa baadaye, na kila mara nikimpelekea aishike.

Alifumba macho. "Donge."

"Wapi, Baba? Sioni."

"Nani kakwambia uone? Papasa."

Nikacheka mpaka machozi. Donge lilikuwepo.

Halafu, kwa mazoea ya Kimuli, nikapaka vanishi. Weee! Haikukauka, na asubuhi niliikuta shingo imejaa sisimizi. Utamu wa ndizi za miaka yote ile ulikuwa bado umo ndani ya mti. Nikaikwangua yote, nikaipangusa kwa maji moto, nikaianika juu ya meko, na safari hii nikaisugua kwa nta ya nyuki tu hadi ikateleza. Sisimizi waliacha. Harufu ndiyo iliyogoma: shingo ikipata joto la kiganja, rubisi inanukia.

Nilipoifunga kwenye gitaa lake, tulimkuta Ma Adela kitini sebuleni. "Karibu, mgeni," akamwambia mumewe. "Mpeni kahawa."

Fundi Mkuu akaketi karibu naye, akawasha spika ndogo. Vidole vikaizunguka shingo, vikafika. Noti za kwanza zilikwaruza, kisha wimbo ukashika njia. Ma Adela akainamia mkono wa mumewe, akanusa. Akanusa tena. Akamkazia macho, yale makali ya zamani.

"Eliasi," akasema, "umeanza tena kunywa?"

Gitaa likanyamaza. "Hapana, mke wangu," akajibu, machozi yakimtiririka. "Ni gitaa."

"Gitaa linanuka pombe? Hebu lete chakula hapa, na kesho uende ukatubu!"

Akala sahani nzima, akimgombeza kila tonge.

Ile ndiyo shingo yangu ya mwisho. Nimestaafu, macho yamechoka, na magitaa nawaachia ninyi. Mkipata ubao mzuri msiuharakishe. Kesho ya siku ile Ma Adela alimwita tena mumewe mgeni. Siku nyingi ndivyo ilivyo, naye mzee anatafuna kahawa yake na kupiga wimbo. Lakini mara moja moja simu yangu inaita asubuhi, nasikia sauti ya mzee inacheka kama ya bwana harusi: "Mwanangu, leo nimegombezwa!"