Kijiti Kilichonitoka Mkononi Kule Mchombe

Jamani, mimi nikisikia mtu anataja Mchombe huwa najifanya nina shughuli, nainama natafuta kitu chini hata kama hakuna kilichodondoka, maana najua sentensi inayofuata ni ipi: "Kumbe wewe ndiye yule dada wa ngoma?" Ndiyo, ndiye mimi. Gaudensia, msusi, nina kibanda changu cha saluni hapa Ifakara, na leo nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, kwa sababu wanaosimulia wanaongeza chumvi (wapo wanaosema padre alikimbia, si kweli, padre hakukimbia, alisogea tu).

Mambo yote yalianzia kwa Mama Leokadia. Huyu mama ana mashine ya kukoboa mpunga kule Lumemo, mwanamke wa Kipogoro aliyejaa, mabega mapana, ukimwona amesimama mlangoni kwa mashine yake unajua kabisa hapa hakuna mtu wa kuchakachua mizani. Na ndiye mpiga ngoma wa kwaya yetu. Sasa ungetegemea mwili ule upige kwa nguvu, upige mpaka jasho, lakini wapi. Anakaa kwenye stuli, mabega yamelala, viwiko vimelala, uso umetulia kama mtu anayesubiri chai, halafu ile ngoma ndogo inayopigwa kwa vijiti viwili inaanza kutiririka, yaani huoni pigo moja moja, unasikia mtiririko, kama mchele unavyomwagika kutoka kwenye mashine yake. Ukimwangalia mkononi utadhani hafanyi kitu. Vidole tu vinacheza nyuma ya kijiti, vinafunga na kufungua. Mimi nilimpenda yule mama kwa mikono yake kabla sijajua hata tabia yake.

Nikamfuata, nikamwamkia, nikamwomba anifundishe. Aliniuliza kwa nini, nikasema nataka kupiga haraka kama yeye. Akacheka, akasema haraka haifundishwi, lakini niende jioni mashine ikizimwa. Nikaenda. Nilidhani nitapewa ngoma, nikapewa gunia la pumba. Akaniambia piga hapo. Sasa pumba hairudishi kijiti, ukipiga kinazama, lazima ukiinue mwenyewe kwa kifundo cha mkono na vidole, na baada ya muda mfupi tu mkono ulikuwa unawaka moto kuanzia kiganja mpaka kwapani (na mimi nilivyokuwa najisifia kwamba mikono yangu inasuka kutwa nzima haichoki). Akaja akanibonyeza begani, akasema bega hili linafanya kazi ya nani? Lishushe. Kisha akanihamishia kwenye tairi kuukuu la pikipiki, pale kijiti kinaruka chenyewe, na kazi yangu ikawa kukiacha kiruke na kukipokea, siyo kukilazimisha. Nilipokibana akaniambia maneno ambayo msusi yeyote angeyaelewa:

"Kishike unavyoshika nywele za mtoto anayelia. Huachii, lakini humvuti."

Nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa. Nikaendelea kwenda, mkono wa kulia ukaanza kufunguka, wa kushoto ukawa mbishi kama punda, naye akasisitiza nianze kila siku na huo wa kushoto, polepole, mpaka uwe sawa na mwenzake. Mimi nikawa naufanyisha mazoezi huo wa kushoto pale tu akiwa ananitazama. Nikirudi nyumbani nafungua simu, natazama vijana wa mjini wanavyopiga kwa ncha za vidole mpaka vijiti havionekani, najaribu hivyo hivyo juu ya kopo la mafuta ya nywele. Kwa kweli nilikuwa na kasi. Tatizo sikuwa na kitu kingine zaidi ya kasi.

Basi ikaja misa ya shukrani ya mavuno kule Mchombe, kwaya yetu ikaalikwa. Mama Leokadia akamwambia Kastor, kiongozi wetu wa kwaya, kwamba wimbo wa matoleo ngoma ndogo nitapiga mimi, yeye atakaa kwenye ile kubwa. Kastor hakutaka. Alisema mbele yangu kabisa kwamba ule ndio wimbo wenyewe, watu wanaingia na mavuno yao wanacheza, siyo mahali pa kujifunzia. Mama akamjibu kwamba kama nikiharibu basi ameharibu yeye. Mtu kama huyo akiweka jina lake juu yako, unalala usingizi kweli?

Tukaenda Jumamosi kwa Fuso, tukapokelewa vizuri, tukalala kwenye nyumba za waumini. Asubuhi ya Jumapili, nimeshavaa sare, rafiki yangu Editha wa sauti ya pili akaja ameshika kichwa, mistari miwili ya mbele imefumuka kwenye safari. Akaniomba nimrudishie, dakika moja tu. Nikakubali, na hapo ndipo nilipokosea, ila kosa lenyewe lilivaa sura ya wema. Nikamsuka pale barazani, nywele zilikuwa kavu na vumbi la njia, nikazipaka mafuta mengi. Kengele ikalia. Nikajifuta mikono kwenye kanga, nikakimbia. Maji yalikuwepo. Sabuni ilikuwepo. Mimi nikakimbia.

Misa ilikuwa nje chini ya turubai kubwa kwa sababu kanisa halikutosha watu. Wakati wa matoleo ukafika. Mbele wanakuja bibi na mama zetu na mapakacha ya mpunga kichwani, wengine na ndizi, wengine na kuku, wote wanacheza taratibu kuelekea altareni, na mwisho kabisa wa msafara anakuja Mzee Masanja na ndama wake. Huyu ni Msukuma, alihamia na ng'ombe zake miaka ya karibuni, anakaa pembezoni mwa kijiji. Wenyeji wetu walikuwa wametuambia jana yake kwamba wakulima na wafugaji pale waligombana sana msimu uliopita, ng'ombe waliingia mashambani, maneno mazito yakasemwa, na huyu mzee ndiye mfugaji wa kwanza kuleta toleo. Ndama ameogeshwa anang'aa, kamba mpya, kitambaa chekundu shingoni. Mzee mwenyewe amevaa koti. Kila mtu alielewa kwamba yule ndama anasema kitu kikubwa kuliko ndama.

Nikaanza vizuri, naapa. Bega limelala, vidole vinafunga na kufungua. Mama Leokadia pembeni yangu kwenye ngoma kubwa akatikisa kichwa kidogo kuonyesha ameridhika. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele, dada mwingine akanielekezea simu anirekodi, na mimi nikajisemea moyoni, Gaudensia, onyesha.

Nikaachia. Na mwanzoni ilikuwa tamu jamani, nisiwadanganye, kijiti kinaruka, kidole kinapokea, nikahisi mikono si yangu ni ya Mama Leokadia. Kwaya ikanifuata. Kastor akanyoosha viganja kunishusha, mimi nikadhani ananipongeza, nikaongeza. Sauti ya kwanza wakaanza kumeza maneno, bibi wenye mapakacha, ambao wanacheza kwa ngoma na ngoma ndiyo hiyo, wakaanza kutembea mchakamchaka, mpunga unamwagika mabegani, bibi mmoja ameshika pakacha kwa mkono mmoja na kilemba kwa mkono mwingine.

"Gaudensia, rudi," Mama Leokadia akasema, taratibu tu.

Nilitaka kurudi. Mungu ni shahidi. Lakini sikujua kurudi kunafanywaje. Mkono ulishakaza mpaka shingoni, ule wa kushoto ambao sikuufundisha unakimbilia wa kulia bila kuufikia, nikakumbuka nimebana, nikalegeza, na kwenye vidole vile vyenye mafuta ya kichwa cha Editha kijiti cha kulia kikateleza kikaondoka. Nilikiona kikienda. Kilipita juu ya sauti ya nne, kikajizungusha hewani bila wasiwasi wowote, kikaenda kumpiga ndama wa Mzee Masanja puani.

Ndama akaruka. Akamvuta mzee, mzee akaanguka na koti lake, kamba ikamtoka, ndama akapita katikati ya mapakacha, akagonga nguzo, turubai likashuka likawafunika wanaume wote wa besi, yeye akatokea upande wa pili na kuingia bustani ya mchicha ya mwenyekiti wa kigango. Kimya. Na katika kimya kile kulikuwa na sauti moja tu, ta ta ta ta, watu wakageuka kutafuta inatoka wapi. Ni mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa bado unapiga.

Nilipousimamisha nikasikia kilichoniuma kuliko aibu. Mwanaume mmoja nyuma alisema, kwa sauti ya kusikika, "Ndiyo ng'ombe zao hizo." Na wengine wakaguna. Mzee Masanja alikuwa anainuka, anajipangusa vumbi, hatazami mtu. Nikataka kusimama niseme ni mimi, nikabaki nimekishika kijiti kilichobaki.

Mama Leokadia alinyoosha mkono akaivuta ile ngoma ndogo mpaka magotini kwake, akaninyang'anya kijiti kilichobaki, na kwa kijiti kimoja na kiganja kitupu akaanza wimbo uleule kutoka mwanzo, polepole sana, polepole kiasi kwamba uliweza kuvuta pumzi kati ya pigo na pigo. Akaimba peke yake mstari wa kwanza. Mstari wa pili Editha akamfuata. Halafu chini ya turubai besi wakaitikia, hawaonekani lakini wanaitikia, na watu wakaanza kucheka huku wanaimba, na bibi wakarudi kwenye mstari wakiokota mapakacha yao. Kule bustanini Mzee Masanja akapiga mluzi mrefu mmoja, ndama akanyanyua kichwa, akamfuata mdomo umejaa mchicha. Mama akamwona. Akaanza kumpigia yeye. Kila hatua aliyopiga yule mzee ngoma ilikuwa chini ya mguu wake, na alipokaribia mapigo yakaanza kuongezeka kidogo kidogo, hata hukujua ni lini, mpaka ikawa kasi ileile niliyoitafuta mimi, labda zaidi, kwa kijiti kimoja na kiganja, na hakuna aliyekimbia. Mzee aliingia kifua mbele. Vigelegele vilivyopigwa pale vilikuwa vya kwake.

Nikaangalia mabega ya yule mama. Yalikuwa yamelala.

Mwisho wa misa, wakati wa matangazo, nilisimama. Nilikwenda mpaka kwa Mzee Masanja mbele ya watu wote, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo mzee. Kile kijiti kilikuwa changu. Ndama hana kosa, na wewe huna kosa."

Akaniinua pale chini.

"Marahaba. Ila mwanangu, ng'ombe anapigwaga nyuma. Siyo puani."

Kicheko kilichofuata sitakisahau. Alicheka hata mwenyekiti wa kigango, akasema mchicha wenyewe ulikuwa umeshakomaa. Chakula kilipotolewa nikamwona amekaa sahani moja na Mzee Masanja, na mimi nikajificha jikoni naosha masufuria ambayo yalikuwa safi.

Kwenye Fuso wakati wa kurudi nilikaa kona ya mbali. Mama Leokadia akasogea, akakaa karibu yangu, nikasubiri maneno. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akaunusa.

"Umemsuka nani?"

Editha akatazama porini. Mimi nikamweleza yote, mafuta, simu, mkono wa kushoto niliokuwa nauruka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kasi ninayo, breki ndiyo sina, na kwamba kesho niende kwake na mkono wa kushoto tu, huo mwingine niuache saluni. Nikamuuliza kama hajanikasirikia, maana jina lililoaibika ni lake. Akasema alikasirika, ila wakati anapiga, hasira ikamwishia njiani.

Nilikwenda. Nilianza upya kwenye gunia la pumba kama mtoto wa chekechea, pigo moja, pumzi, pigo moja. Sasa hivi wa kushoto unanitii, na kasi imekuja yenyewe siku ambayo nilikuwa siifikirii, nawaza bei ya rasta. Lakini nimejiwekea nadhiri: nikiwa na ngoma siku hiyo kichwa cha mtu sikigusi, hata awe bibi harusi analia mlangoni, na siongezi mwendo mpaka nimeangalia miguu ya wanaotembea mbele yangu.

Mwezi uliopita Kastor alinipa tena wimbo wa matoleo, hapa hapa kwetu. Alinipa huku anasali, nilimwona midomo. Nikapiga, na katikati nikageuka kumwangalia Mama Leokadia kama ananikagua mikono. Hakuwa ananitazama kabisa. Alikuwa amefumba macho, anaimba.