Kaka Hajasafiri

Kaka yangu ni fundi saa, na kwa miaka sita mimi ndiye ninayetukanwa kwa niaba yake. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la maduka: meza moja, taa ya kujikunja na dirisha dogo la kupokelea kazi. Mimi nabadilisha zipu kwenye kibanda cha pili, hatua tatu tu, kwa hiyo hakuna tusi linalonipita.

Akiwa juu, yaani akili ikimchangamka kupita kiasi, kaka hafungi mdomo. Anapokea kila saa inayoletwa, anaahidi kesho, ananiita mzembe nikimwambia apunguze. Kisha anageuka. Anajifungia kibandani, analala sakafuni, hataki chai wala salamu, wiki mbili hata tatu. Daktari alishatupa jina la ugonjwa na vidonge. Kaka huvimeza akijisikia vibaya na kuviacha akijisikia mzima, na kwa hilo tumegombana mpaka tumechoka.

Mwezi uliopita, akiwa juu, alifungua saa za watu tisa kwa asubuhi moja. Kwa kawaida skrubu za kila saa hukaa kwenye kifuniko chake cha soda. Siku hiyo alizimwaga zote kwenye sahani moja, akacheka kwamba vidole vyake vinazijua. Kesho yake hakufungua mlango.

Wateja walipokuja nikawaambia kasafiri. Ndivyo ninavyosema siku zote, bila haya. Afadhali waseme msafiri kuliko waseme kichaa.

Siku ya kumi na moja mwalimu mmoja mstaafu, aliyeleta saa ya marehemu mkewe, alichungulia dirishani akamwona kaka kalala. Akarudi na mwenye jengo.

"Tapeli huyu," mwalimu akasema. "Kaila saa ya mke wangu, halafu dada mtu ananiambia kasafiri."

"Vitu vyake vitoke leo," akasema mwenye jengo. "Sikodishi kibanda kwa wezi."

Nikasimama mlangoni. Nikamwambia mwenye jengo kuwa choo anachotutozea kodi kinavuja tangu mwaka juzi na hakuna aliyemwita mwizi. Mwalimu nikamwambia achunge mdomo. Niliwachukia wote wawili, na kusema kweli nilimchukia na yule aliyelala ndani.

Komeo likalia. Kaka akatoka, ndevu zimemjaa, macho yamevimba.

"Nani kasema nimesafiri?"

Akamgeukia mwalimu.

"Mzee, sijaiba. Naumwa. Ni ugonjwa wa akili, na vidonge vyake ninavyo. Saa yako iko hapa pamoja na nyingine nane. Nimezichanganya mwenyewe."

Mwalimu akaitazama sahani ya skrubu. "Utaweza kuitoa humo?"

"Siyo leo."

"Nitarudi wiki ijayo," akasema, bado kakunja uso. Mwenye jengo akakubali kusubiri hiyo wiki, kwa shingo upande.

Walipoondoka niliingia, nikaanza kupanga vifuniko mezani. Kaka akaninyang'anya.

"Acha. Miaka sita najiuliza kwa nini watu wananiita tapeli, kumbe ni wewe unayewaambia nimesafiri na saa zao."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumrudishia. Nikarudi kwenye zipu zangu nayo yote kifuani. Jioni mteja mwingine akaja kuulizia fundi.

"Yupo," nikamwambia. "Anaumwa."