Video za Kupamba Kwenye Ghala la Watu

Mimi shule niliishia darasa la tano, na sioni haya kusema. Waliomaliza kidato cha nne leo wananiomba kazi. Nilianza kwa kuwapiga picha watalii waliopanda ngamia ufuoni Diani, kamera yenyewe ya kukodi, na sasa studio yangu pale Ukunda ni ya ghorofa, ina jenereta yake na kisima chake. Kuanzia Tiwi mpaka Lunga Lunga, mtu akioza binti na akataka video ya maana, ninatajwa mimi kwanza.

Sifa hiyo sikuipata kwa kamera. Niliipata kwa kupamba. Usiku wa kupamba bibi harusi ni wa wanawake watupu: mabuibui yanavuliwa mlangoni, nywele ziko nje, watu wanacheza watakavyo, na mwanamume hapiti hata barazani. Anayepiga video ni mke wangu. Anaipanga yeye, katika chumba ambacho ufunguo ni wake, na mimi mwenye studio sikuwahi kuona hata moja. Kazi ikiisha, humkabidhi mama wa bibi harusi mkononi, kisha hufuta zilizobaki mama huyo akitazama.

Sasa kampuni moja kubwa ya simu na kompyuta imeamua kukodisha ghala la kuwekea kazi za watu. Wakatuita wafanyabiashara kwenye hoteli moja Diani, wakatupa chai, sambusa na mfuko wenye nembo yao. Kijana wao kutoka Nairobi akasimama mbele.

"Kazi zenu zote mnaziweka kwenye wingu letu. Kompyuta ikiibiwa, ikiungua, ninyi hampotezi kitu."

Nikanyoosha mkono. "Hilo wingu liko wapi?"

"Ni majumba yamejaa kompyuta, mzee. Yako ng'ambo, salama kabisa."

"Na humo ndani kuna nani?"

"Mafundi tu."

"Wanaume au wanawake?"

Ukumbi ukacheka. Muuza vipuri aliyekaa nyuma yangu akasema, "Shekhe, kwani unataka kuoa huko?"

Sikucheka. Nikamwambia yule kijana kwamba amana huwekwa kwa mtu ambaye mlango wake unaujua, likiharibika jambo unakwenda kupiga hodi. Jana walikuwa wauza simu, leo wanataka kutuwekea siri zetu. Nikikasirika mimi, nitapiga hodi wapi?

"Mzee wangu, unaogopa bure. Lete simu nikuonyeshe."

Nikampa. Akabonyeza hapa na pale, akatabasamu. "Si unaona? Kumbe uko ndani kitambo. Kazi zako ziko huku."

Nikatazama. Bega la mwanamke, hina mpaka kiwikoni, nywele. Niliilaza simu kifudifudi mezani kabla sijaona uso. Lakini kijana alikuwa ameshaona, na muuza vipuri shingo ilikuwa imemrefuka.

"Nani amewapa hizi?"

"Wewe mwenyewe, mzee. Kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza, ulikubali."

Kweli, kompyuta mpya ya mke wangu, tuliyoinunua Mombasa, niliiwasha mimi, kwa anwani yangu ya barua pepe, ile ile ya kwenye simu. Iliuliza maswali marefu kwa Kiingereza nami nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, ili ianze kazi. Nikamuuliza kijana kama yeye huyasoma. Akasema hakuna anayeyasoma. Basi wanaitaje huko kukubali? Mtu anayejua kwamba sitasoma, akaficha humo ruhusa ya kuingia chumba ambacho mimi mwenyewe siingii, huyo ameniomba au ameniibia?

Mke wangu nilipomweleza akasema, "Ni ile ya harusi ya Msambweni, ndiyo pekee niliyoipanga kwenye kompyuta mpya. Twende tumwambie mama wa bibi harusi kabla hajaambiwa na watu."

Tukaenda alasiri hiyo hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mmekuja wawili? Kuna msiba?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakupaza sauti.

"Wewe umemwona mwanangu?"

"Nimeona bega, mama. Uso sikuuona."

"Na huyo kijana?"

"Ameona nilichoona."

"Na hao wa ng'ambo?"

Nikatoa simu mfukoni, nikaiweka kifudifudi mbele yake.

"Basi zifuteni hapa mbele yangu."

Mke wangu akashika simu, mimi nikageukia ukuta, akafuta mpaka kwenye pipa lao la taka. Mama akauliza, "Na kule kwao zimetoka?" Nikampigia yule kijana, nikaweka sauti ya juu, mama akamuuliza mwenyewe.

"Kwa kawaida huchukua muda, mama. Mfumo hujisafisha wenyewe."

"Muda gani?"

"Hapo siwezi kukuahidi."

"Kuweka uliahidi. Kutoa ndiyo huwezi?"

Kijana akasema atauliza wakubwa zake. Mpaka leo anauliza.

Mama akatuletea maji ya kunywa, akakaa. "Mdogo wake anaolewa baada ya mfungo," akamwambia mke wangu. "Utakuja wewe na kamera yako, na video utaipangia hapa, chumbani kwangu. Mumeo na kompyuta yake wabaki Ukunda."

Mimi, ambaye harusi za pwani hii zinanisubiri mimi, nikasema ahsante. Ile kompyuta mpya sasa inachapa kadi za mwaliko tu, na mtandao haiuoni. Kampuni nayo kila wiki inanitumia ujumbe kwamba nina nafasi kubwa ya bure inaningoja kwao. Wampe muuza vipuri.